Walimu wa Mpira wa Marekani: Njia ya Kutoka Shule hadi Chuo Kikuu

Katika nchi nyingi za dunia mchezo wa mpira umekulia mikononi mwa vilabu vya mijini, na mwalimu wa wachezaji hupewa kazi yake na wenye klabu. Bali Marekani, ambako watu wana mpira wao wenyewe, wenye ncha mbili, uchukuliwao kwa mikono zaidi ya kupigwa kwa miguu, na ambamo timu hugombea ardhi kipande kwa kipande mpaka mstari wa mwisho wa wapinzani, mchezo huo ulizaliwa na kulelewa katika nyumba za elimu. Tarehe 6 Novemba 1869 vijana wa Rutgers walipambana na vijana wa Princeton katika mji wa New Brunswick, New Jersey, kwa mchezo ambao ulikuwa ungali karibu na kandanda tuijuayo sisi. Na miaka ya 1880 Walter Camp, mtu wa Yale, aliutungia sheria zilizoutenga na michezo mingine yote. Tangu siku hizo futiboli ya Kimarekani imekuwa na madaraja mawili ya walimu, wale wa shule za sekondari na wale wa vyuo vikuu, na baina ya madaraja hayo imesimama ngazi ambayo watu wengi wametamani kuipanda, wachache wameipanda kwa heshima, na baadhi wameanguka wakiwa karibu na kilele.

Muradi wa maneno haya ni kueleza tarehe ya ngazi hiyo. Naamini ya kuwa anayeitazama kwa makini ataona jambo moja likijirudia kizazi baada ya kizazi: hesabu ya ushindi, hata iwe kubwa namna gani, haimfai mwalimu akiisha kuvuka mlango wa chuo kikuu, kinachovuka naye na kumfaa ni ilimu yake ya kufundisha, ikiwa anayo, na ikiwa amepewa muda wa kuizoesha mahali papya.

Hapo mwanzo vyuo vikuu havikutazama shuleni vilipotafuta makocha. Vilirudi kwa wachezaji wao wa zamani, ambao walifika msimu wa mashindano, wakawaelekeza wadogo zao, kisha wakarejea kwenye biashara na uwakili. Shuleni mambo yalikuwa tafauti. Huko mpira uliangukia mikononi mwa mwalimu wa hesabu, wa historia au wa sayansi, ambaye alisomesha mchana kutwa na jioni akatoka uwanjani na wanafunzi wale wale. Mtu huyo hakuwa na uwezo wa kuchagua. Alipewa watoto wa mtaa wake, warefu na wafupi, wepesi na wazito, akatakiwa awafanye timu. Dhiki hiyo ndiyo iliyomfundisha kazi, kwa kuwa asiyeweza kuchagua wachezaji hana budi ajue kuwafunza.

Hapana mahali palipoishika kazi hiyo kwa moyo kuliko Texas na Ohio. Texas ilikuwa na jumuiya ya mashindano ya shule tangu 1910, ikilelewa na chuo kikuu cha jimbo, na msimu wa 1920 ukawa wa kwanza kutafutiwa bingwa wa futiboli wa jimbo zima. Fainali ile, baina ya Cleburne na Houston Heights, ilikwisha bila timu yoyote kupata pointi, na taji likagawanywa. Mwaka 1930 makocha wa shule za Texas waliunda chama chao. Tangu miaka ya 1920 Knute Rockne, kocha mashuhuri wa Notre Dame, alikuwa ameeneza desturi ya kuendesha mafunzo ya makocha wakati wa likizo ya kiangazi, na kwa mafunzo ya namna hiyo mwalimu wa mji mdogo wa pamba au wa mafuta aliketi benchi moja na mabwana wakubwa wa vyuo, akauliza maswali, akajibiwa, na aghalabu akakumbukwa.

Miongoni mwa waliokumbukwa alikuwa Blair Cherry, kocha wa shule ya Amarillo, kaskazini mwa Texas, aliyetwaa ubingwa wa jimbo miaka mitatu mfululizo, 1934, 1935 na 1936. Dana X. Bible alipokabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Texas mwaka 1937 alimchukua Cherry kuwa msaidizi wake, na Cherry akatumikia daraja hilo mpaka Bible alipoondoka na kumwachia nafasi mwaka 1947. Mara tu alipopata madaraka aliubadilisha mpango wa kushambulia, akaleta ule wa herufi T uliokuwa ukishika nguvu wakati ule, na mwaka 1950 akaipa Texas ubingwa wa vyuo vya Kusini Magharibi. Kisha akajiuzulu mwaka huo huo, akiwa amechoshwa na shinikizo la kazi. Katika maisha ya mtu huyu mmoja yamo mambo mawili ambayo baadaye yangeonekana kwa wengi: kwamba utumishi wa chini ya mkubwa ulimwandaa, na kwamba kilele chenyewe kina uzito ambao shule haimzoeshi mtu kuubeba.

Mfano mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ulitoka Massillon, mji wa viwanda vya chuma katika Ohio. Paul Brown, aliyekuwa amesoma na kucheza huko huko, alirudi kuwa kocha wa shule ya Washington mwaka 1932, nchi ikiwa katika mdororo mkuu wa uchumi na timu ikiwa dhaifu. Alikaa misimu tisa. Akashinda michezo 80, akashindwa 8, akatoka sare 2. Lakini thamani ya Brown haikuwa katika hesabu hizo. Aliifanya futiboli somo kama masomo mengine: kila mchezaji alikuwa na daftari lake, alinakili mipango kwa mkono wake, akapewa mtihani wa kuandika, na asiyejua kazi ya mwenziwe hakuhesabiwa kuwa anaijua yake. Alizifundisha hata shule za watoto wa madarasa ya chini katika mji ule mipango ile ile, hivyo kijana alipofika kwake alikuwa amekwisha kuisoma lugha ya timu kwa miaka kadhaa. Watu wa Massillon walimlipa imani yake, na mwaka 1939 mji uliokuwa umebanwa na ufukara ukafungua uwanja mpya ambao leo una jina lake.

Msimu wa 1940 Chuo Kikuu cha Ohio State kilifungwa na Michigan 40 kwa 0, na kocha wake akajiuzulu. Chama cha makocha wa sekondari wa Ohio kikasimama pamoja kumwombea Brown nafasi ile, na chuo kikamkabidhi timu mtu wa miaka thelathini na mbili ambaye hakuwahi kuwa kocha wa chuo chochote. Mwaka 1942, msimu wake wa pili, Ohio State ikahesabiwa bingwa wa taifa. Atakayesema kwamba mfano huu wapinga niliyoyasema juu ya uvumilivu wa ngazi, na aangalie ni kitu gani Brown alikipandisha. Daftari lilipanda, mtihani ulipanda, mpangilio wa kila dakika ya mazoezi ulipanda. Vijana wa chuo walikuta kwa mtu wa shule nidhamu ya kusoma mchezo ambayo vyuo vingi havikuwa nayo. Vita vya Pili vya Dunia vilipowachukua wachezaji wake mwaka 1943 akabaki na watoto wa miaka kumi na saba, alishindwa michezo sita kati ya tisa, na ushahidi huo nao ni wa haki: ilimu bila watu haitoshi. Baadaye aliingia katika futiboli ya kulipwa, akaijenga timu ya Cleveland iliyopewa jina lake na kuwapa Bill Willis na Marion Motley, wachezaji weusi, nafasi mwaka 1946, wakati timu nyingi za kulipwa zilikuwa zimewafungia milango.

Kizazi cha Brown kilitoa walimu wengine wa namna hiyo. Woody Hayes, ambaye angeiongoza Ohio State tangu 1951 hadi 1978, alipitia shule ya New Philadelphia. Bill Walsh, kabla ya kuwa msaidizi katika vyuo vya California na Stanford, alifundisha shule huko Fremont katika miaka ya mwisho ya 1950. Vince Lombardi alianza mwaka 1939 katika shule ya Kikatoliki ya St. Cecilia, Englewood, New Jersey, akisomesha Kilatini, kemia na fizikia pamoja na mpira. Kutoka hapo akaenda Fordham, kisha akawa msaidizi wa Red Blaik katika chuo cha jeshi cha West Point mwaka 1949, na huko, kwa mkubwa mkali na mwenye utaratibu, akakamilisha malezi aliyoyaanza mbele ya ubao wa darasa.

Fauka ya watu, shule zilipandisha fikira. Mwaka 1958 Tiger Ellison, kocha wa shule ya Middletown, Ohio, alipoona timu yake imeanza msimu vibaya na nguvu za vijana wake hazitoshi kuwasukuma wapinzani, aliacha kusukumana. Akawatawanya wachezaji kwa upana wa uwanja, akamwacha mpiga pasi akimbie pembeni na kutazama nani ameachwa bila mlinzi. Aliyaandika hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1965, akiwa amekwisha kuitwa Ohio State kuwa msaidizi wa Hayes, mtu ambaye mwenyewe hakupenda pasi hata kidogo. Chuo kilimchukua Ellison bila kuichukua fikira yake. Lakini kitabu kilisafiri upande wa pili wa nchi, kikasomwa Oregon na Mouse Davis, mwalimu wa shule, ambaye alitwaa ubingwa wa jimbo kwa maarifa hayo mwaka 1973, na aliposhika Portland State mwaka 1975 akayasimamisha mbele ya taifa zima. Hivyo fikira ilipanda ngazi baada ya mwenyewe kukwama, na ilipandishwa na mwalimu mwingine wa shule.

Emory Bellard alikuwa na nasibu bora zaidi. Alikuwa ametwaa ubingwa wa Texas akiwa Breckenridge miaka ya 1958 na 1959, kisha San Angelo mwaka 1966, ndipo kocha Darrell Royal alipomwita Chuo Kikuu cha Texas kuwa msaidizi. Mwaka 1968 Royal, aliyechoka na misimu isiyoridhisha, alimtaka atengeneze mpango mpya wa kushambulia. Bellard aliwapanga wakimbiaji watatu nyuma ya mwanzisha mashambulizi kwa umbo lililowafanya waandishi wa habari walifananishe na mfupa wa kidari cha kuku. Mwanzisha mashambulizi akamtazama mlinzi mmoja aliyeachwa makusudi bila kuzuiwa, akaamua papo hapo ampe mpira mkimbiaji wa kwanza, auchukue mwenyewe, au amtupie wa pembeni. Mlinzi yule, afanye lo lote, alikuwa amekosea. Texas ilianza kwa sare na Houston, ikashindwa na Texas Tech, kisha ikashinda michezo 30 mfululizo na kuwa bingwa wa taifa mwaka 1969. Oklahoma na Alabama ziliufuata mpango ule, na kwa miaka kadhaa vyuo vikubwa vya Marekani vilicheza kwa akili iliyokomazwa katika viwanja vya shule.

Yafaa kusema wazi kwamba ngazi hiyo haikuwa ya wote. Katika majimbo ya Kusini watoto weusi walitengwa katika shule zao, na makocha wao wakatengwa nao. Huko Texas watu weusi walikuwa na jumuiya yao ya mashindano, iliyoanzishwa 1920 na kusimamiwa na chuo cha Prairie View, ambayo ililea wachezaji wengi wa sifa. Lakini mwalimu mweusi, hata angeshinda kila mwaka, hakuwa na chuo cha wazungu kilichomwita. Njia yake ilielekea kwenye vyuo vya watu weusi, na wako walioifuata kwa utukufu: Jake Gaither, aliyeanza kwa kufundisha shule ya Henderson huko North Carolina, aliiongoza Florida A&M tangu 1945 hadi 1969, akashinda michezo 203, na mafunzo yake ya makocha yakawavuta hata wazungu waliotaka kujifunza kwake. Kisha ukafika muungano wa shule. Jumuiya ya wazungu ya Texas ilifungua mlango mwaka 1967, ile ya weusi ikavunjwa mwaka 1970, na shule nyingi za watu weusi zikafungwa au kumezwa. Makocha waliokuwa wakuu wakafanywa wasaidizi chini ya watu waliokuwa na ujuzi mdogo kuliko wao. Haki ilipokuja kwa mwanafunzi, mwalimu wake alilipa gharama, na maarifa ya kizazi kizima yakazikwa pasi na kupandishwa popote. Hasara hiyo si ya watu weusi peke yao. Ni hasara ya mchezo wote.

Turudi Ohio. Gerry Faust, mwana wa kocha wa shule, aliijenga futiboli ya shule ya Kikatoliki ya Moeller, Cincinnati, tangu msingi wake katika miaka ya 1960, akatwaa ubingwa wa jimbo mara tano baina ya 1975 na 1980. Alikuwa mtu wa sala, wa bidii na wa moyo mwema usiotiliwa shaka na yeyote. Kwa msimu wa 1981 Notre Dame, chuo chenye jina kubwa kuliko vyote katika mchezo huo, kilimtoa Moeller moja kwa moja na kumfanya kocha mkuu. Mchezo wa kwanza aliifunga timu ya chuo cha LSU 27 kwa 9, timu ikapandishwa hadi nafasi ya kwanza ya taifa. Juma lililofuata Michigan ikaifunga 25 kwa 7. Baada ya misimu mitano alikuwa ameshinda 30, ameshindwa 26 na kutoka sare 1, na alijiuzulu kabla ya mchezo wa mwisho, ambao Miami iliushinda 58 kwa 7.

Kosa halikuwa la kuwapata wachezaji, kwani Tim Brown, aliyetunukiwa tuzo ya Heisman mwaka 1987 chini ya Lou Holtz, mrithi wa Faust, aliletwa chuoni na Faust. Tatizo lilikuwa kwamba Moeller ilikuwa na vijana wengi na wenye nguvu kuliko wapinzani wake wengi, ilhali Notre Dame ilikutana kila juma na timu iliyolingana nayo, yenye wasaidizi waliokwisha kuishi miaka mingi katika daraja hilo. Faust alipaswa kujifunza kazi mpya mbele ya macho ya nchi nzima, bila mkubwa wa kumwongoza na bila msimu hata mmoja wa kukosea kwa siri. Waliomlaumu walimwonea, lawama ilistahili zaidi wale waliodhani kwamba wingi wa ushindi wa shule ni cheti cha kazi nyingine. Mwenda pole hajikwai, nao walimtaka akimbie.

Karne hii imeleta ushahidi ule ule kwa sura mpya. Gus Malzahn, kocha wa shule za Arkansas, aliandika mwaka 2003 kitabu juu ya kushambulia kwa haraka bila kukusanyika kupanga, akaishindia shule ya Springdale ubingwa mwaka 2005, akaitwa Chuo Kikuu cha Arkansas mwaka 2006. Alitumikia Arkansas, Tulsa na Auburn chini ya wakuu wengine, akawa mshiriki wa ubingwa wa taifa wa Auburn wa msimu wa 2010, na aliporudi huko kuwa mkuu mwaka 2013 aliifikisha fainali. Todd Dodge, kwa upande wake, alishinda michezo 79 na kushindwa mmoja tu pamoja na shule ya Southlake Carroll ya Texas baina ya 2002 na 2006, akapewa Chuo Kikuu cha North Texas moja kwa moja, na huko akashinda 6 na kushindwa 37. Tafauti ya akili baina ya watu hao wawili haikuwa kubwa kiasi hicho; tafauti ya njia ndiyo iliyokuwa kubwa.

Vyuo vya Texas vimekwisha kujifunza baadhi ya somo hili. Jeff Traylor, aliyetwaa ubingwa mara tatu na shule ya Gilmer, alianza kama msaidizi mwaka 2015 kabla ya kupewa timu ya chuo cha UTSA kwa msimu wa 2020. Joey McGuire, wa ubingwa mara tatu na shule ya Cedar Hill, aliingia chuo cha Baylor chini ya kocha Matt Rhule mwaka 2017, na mwishoni mwa 2021 akaitwa Texas Tech. Iko sababu nyingine ya kuwaita, isiyo safi sana, kwamba kocha wa shule anajuana na makocha wenziwe walio na vijana wanaotafutwa na kila chuo. Na hofu ya kwamba chuo kitamwajiri mtu ili kumnunua mchezaji wake ilikuwa kubwa hata chama cha vyuo, mwaka 2017, kikatunga sheria ya kuzuia kuajiriwa kwa watu wa karibu na mchezaji katika nafasi za pembeni kwa miaka miwili kabla na baada ya yeye kuingia chuoni. Sheria hiyo naiona njema, kwa kuwa inarudisha swali mahali pake: mtu huyu anaitwa kwa ajili ya nani anayemjua, au kwa ajili ya anachokijua?

Bado wako wale ambao hawakupanda kabisa, au walipanda wakashuka. Gordon Wood wa Brownwood alistaafu mwaka 1985 akiwa ameshinda michezo 396 na ubingwa wa Texas mara tisa, na maisha yake yote ya heshima aliyaishi shuleni. Bellard, baada ya kuwa mkuu wa Texas A&M na Mississippi State, alirudi kufundisha shule ya Westfield karibu na Houston. Dodge alirudi shuleni naye, akaipa shule ya Westlake ubingwa mara tatu mfululizo, 2019 hadi 2021. Chad Morris, aliyeshinda michezo yake yote 32 na shule ya Lake Travis, akasifiwa katika chuo cha Clemson na kufukuzwa Arkansas, alikubali shule ya Allen mwaka 2021. Mtu asiwaite hawa walioanguka. Kila mmoja wao alibaki au alirudi mahali ambapo mwalimu hupewa watoto waliopo na kutakiwa awatengeneze, na hapo ndipo daftari la Brown, uwanja mpana wa Ellison na wakimbiaji watatu wa Bellard vilipopata mizizi. Chuo kikuu kitakachotaka kocha kwa busara hakina budi kumwuliza mwalimu wa shule amefundisha nini kabla ya kumwuliza ameshinda mara ngapi, kimpe mkubwa wa kumlea kabla ya kumpa madaraka, na kimwache aliyetosheka na shule yake abaki huko kwa taadhima, maadamu maarifa ambayo vyuo vitayahitaji kesho yanatafutwa leo na watu kama yeye.